Dengfeng: Waafrika na hatari za barabarani mjini Guangzhou

Mfanyabiashara wa Kiafrika anayefika kwa mara ya kwanza katika mtaa wa Dengfeng, mjini Guangzhou kusini mwa China, huonywa na waliomtangulia juu ya mambo mengi. Huambiwa ajihadhari na noti za bandia, na viwanda vinavyoonyesha sampuli nzuri kisha vikapakia bidhaa mbovu, na tarehe ya viza inayokaribia kwisha. Ni nadra kuambiwa jambo litakalomkuta mapema zaidi, dakika chache tu baada ya kushuka kwenye teksi: atazame upande gani kwanza anapovuka barabara.

Suala hilo si dogo. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani, WHO, iliyotolewa mwaka 2023, watu wapatao milioni 1.19 hufariki dunia kila mwaka kutokana na ajali za barabarani. Zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna maradhi wala janga jingine linaloua zaidi ya barabara.

Dengfeng inayozungumzwa hapa si ile ya mkoa wa Henan, mashuhuri kwa hekalu la Shaolin. Ni kata ya wilaya ya Yuexiu, katikati ya jiji la Guangzhou, na wageni wengi huiita tu Xiaobei, kwa jina la barabara ipitayo hapo na la kituo cha treni ya chini ya ardhi kilichofunguliwa mwishoni mwa mwaka 2009. Waafrika walianza kukusanyika hapo mwishoni mwa miaka ya 1990, hasa kuzunguka jengo la Tianxiu lililoko kando ya barabara kuu ya Huanshi. Nyuma ya barabara hiyo kuna mtaa wa Baohan na vichochoro vyake, ambako Waislamu wa China kutoka kaskazini-magharibi huuza mikate na nyama ya kondoo, na ambako Kiswahili, Kilingala, Kisomali na Kibambara husikika kwenye milango ya maduka.

Idadi ya Waafrika imepungua sana tangu enzi za neema. Mwezi Aprili mwaka 2020, wakati wa janga la Corona, ambapo Waafrika wengi walifukuzwa kwenye nyumba na hoteli na kisa hicho kikaleta malalamiko ya kibalozi, serikali ya jiji ilisema Waafrika 4,553 ndio waliokuwapo Guangzhou. Biashara ilirejea baadaye, ingawa si kwa kishindo cha zamani. Na pamoja na biashara wamerejea wageni wa safari fupi, wanaokaa wiki mbili au tatu, kisha huondoka kabla macho yao hayajaizoea barabara.

Kulia na kushoto

Nchini China magari hupita upande wa kulia wa barabara. Nchini Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto. Kila mtu anajua hilo akiulizwa, lakini kujua ni jambo moja na mazoea ya shingo ni jambo jingine. Mtoto wa Tabata au Eastleigh hufundishwa kutazama kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, na akifika utu uzima hafikiri tena juu ya jambo hilo. Shingo hugeuka yenyewe. Guangzhou, gari la kwanza kumfikia mtu anayeteremka ukingoni mwa barabara hutoka kushoto kwake. Akitazama kulia, akaona njia nyeupe, akapiga hatua, tayari ameingia mbele ya gari ambalo hakulitafuta.

Hatari hiyo haiwahusu Waafrika wa Mashariki wote kwa kiwango kimoja. Mkongomani wa Bukavu, Mnyarwanda, Mrundi, Msomali na Mhabeshi wametoka katika nchi za mkono wa kulia. Vivyo hivyo Waswahili walioishi Muscat au Dubai. Madereva wa malori wanaovuka mpaka wa Rusumo kutoka Tanzania kuingia Rwanda hubadili upande karibu kila safari, na kwao hilo ni sehemu ya kazi. Wenye shida zaidi ni Mtanzania, Mkenya na Mganda ambao kabla ya Guangzhou hawakuwahi kutoka nje ya nchi za kushoto.

Lugha yenyewe hutusaliti hapa. Tanzania mzunguko wa barabara huitwa kipilefti, neno lililozaliwa na amri ya Kiingereza ya kushika kushoto. Guangzhou magari huuzunguka mzunguko kwa mwelekeo wa kinyume, na anayeuvuka huku akitegemea kipilefti cha kwao hutazama pasipotoka gari.

Tatizo huongezeka kwa wale wanaokwenda Hong Kong, ama kwa biashara ama kwa shughuli za viza. Hong Kong, ijapokuwa ni sehemu ya China, magari yake hupita kushoto kama Mombasa. Mtu anaweza kuanza siku yake Guangzhou, akala chakula cha mchana Hong Kong na kurudi jioni, akiwa amebadili upande mara mbili kwa siku moja.

Sweden, ilipohama kutoka kushoto kwenda kulia tarehe 3 Septemba mwaka 1967, ilifanya kampeni kubwa ya kitaifa na kupunguza mwendo wa magari, kwa sababu wataalamu walijua kuwa mazoea hayaondoki kwa tangazo moja. Msafiri binafsi hapati kampeni ya namna hiyo. Hupata muhuri kwenye pasipoti, basi.

Kuna jambo jingine linalosahaulika, nalo ni mlango wa teksi. Katika nchi za kushoto abiria huteremkia upande wa kushoto, penye ukingo wa barabara. Guangzhou ukingo uko kulia. Abiria aliyekaa kushoto akifungua mlango wake kwa mazoea, anaufungulia katikati ya magari, na mara nyingi anayegongwa na mlango huo si yeye bali ni mpanda baiskeli anayepita. Ushauri wa wenyeji wa muda mrefu ni kukaa nyuma, upande wa kulia, na kuteremkia huko huko.

Taa nyekundu isiyozuia kila gari

Mgeni anapozoea kutazama kushoto kwanza, hukutana na somo la pili. Katika makutano ya barabara nchini China, dereva anayekata kulia anaruhusiwa kupita hata kama taa ya mbele yake ni nyekundu, mradi asiwazuie wengine wenye haki ya kupita na pasiwe na mshale mwekundu unaomkataza. Kwa hiyo mtembea kwa miguu anaweza kuwa na taa ya kijani, akiwa juu ya mistari ya pundamilia, na bado gari likaja upande wake likikata kona. Kwa mgeni huo huonekana kuwa uvunjaji wa sheria. Kwa dereva ni haki aliyopewa, ingawa ni haki yenye sharti.

Sharti lenyewe ni zito. Sheria ya Usalama Barabarani ya China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka 2004, inamtaka dereva apunguze mwendo anapokaribia pundamilia, na asimame kabisa kama kuna mtu anayevuka. Asiyefanya hivyo hutozwa faini na kukatwa alama 3 kati ya 12 alizonazo dereva kwa mwaka. Kwa miaka mingi kifungu hicho kilikuwa mapambo. Kilichokitia uhai ni kamera, ambazo hazichoki wala hazipokei kitu kidogo, na aliyeijua Guangzhou ya miaka ya 2000 ataona kuwa madereva wa mabasi na teksi husimama kwenye pundamilia mara nyingi zaidi kuliko zamani.

Hata hivyo mtembea kwa miguu naye ana wajibu wake. Sheria hiyo hiyo inampiga faini ya yuan 5 hadi 50 akivuka pasipo ruhusa. Ni fedha kidogo, na kwa mfanyabiashara aliyechelewa kontena ni rahisi kuidharau. Gharama halisi huja baadaye, kwa namna itakayoelezwa hapa chini.

Baiskeli zisizo na sauti

Ukimwuliza mwenyeji wa Xiaobei ni chombo gani kinachomtisha zaidi, kuna uwezekano mkubwa asiseme gari. Atasema baiskeli ya umeme. Hupita kando ya barabara, hupanda njia za miguu, huingia kwenye vichochoro vya Baohan ambavyo gari haliwezi kuingia, na haina mngurumo. Sikio la mtu aliyekulia kwenye kelele za pikipiki husubiri sauti kabla ya hatari. Hapa hatari hufika kwanza.

Kisa cha baiskeli hizo kina mafunzo kwa Afrika Mashariki. Mwaka 2007, tarehe 1 Januari, Guangzhou ilipiga marufuku pikipiki katika maeneo yake ya mjini, baada ya kuzibana kwa hatua kwa miaka kadhaa. Sababu zilizotolewa zilikuwa ajali na uporaji wa mikoba uliofanywa na vijana waliopakiana. Wakati huo huo upande wetu wa bahari mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na mwaka 2010 Tanzania ikatunga kanuni za kutoa leseni kwa pikipiki na bajaji za kubeba abiria. Bodaboda, iliyoanza miaka ya 1960 kama baiskeli za kuvusha watu na mizigo kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ikawa ya injini na ikaenea hadi vijijini. Pikipiki nyingi zilizoingia zilitoka India, na nyingine nyingi zilitoka China, zikiwemo za viwanda vya mkoa huo huo wa Guangdong. Jiji liliyafukuza magurudumu hayo, na mkoa wake ukaendelea kuyasafirisha nje.

Je, marufuku ilimaliza tatizo? Ilipunguza pikipiki. Lakini haja ya usafiri wa bei nafuu kutoka kituo cha treni hadi mlangoni haikupigwa marufuku, nayo ikajitafutia chombo kingine. Baiskeli za umeme, ambazo nazo hazikuwa zikisajiliwa, zilijaa kwenye milango ya vituo zikibeba abiria kinyume cha sheria. Mwezi Juni mwaka 2012 ugomvi wa nauli kati ya raia mmoja wa Nigeria na dereva wa chombo cha namna hiyo uliishia kituo cha polisi, na raia huyo akafariki dunia akiwa mikononi mwa polisi. Zaidi ya Waafrika mia moja waliandamana barabarani. Kisa hicho hukumbukwa kama suala la polisi na wageni, na kwa haki, lakini chanzo chake kilikuwa usafiri usio na kanuni, nauli isiyojulikana, abiria na dereva wasioelewana lugha.

Hatimaye serikali ilikubali kwamba ni bora kukisajili chombo kuliko kujifanya hakipo. Viwango vya kitaifa vilivyoanza kutumika tarehe 15 Aprili mwaka 2019 viliamuru kwamba baiskeli ya umeme isizidi kasi ya kilometa 25 kwa saa wala uzito wa kilo 55, betri ikiwemo. Guangzhou nayo ilianza kutoa namba za usajili kuanzia tarehe 1 Novemba mwaka 2021. Viwango vipya zaidi, vinavyowabana watengenezaji tangu tarehe 1 Septemba mwaka 2025, vinataka mota ijikate yenyewe kasi inapopita kilometa 25, kwa kuwa mafundi wa vichochoroni walikuwa wakiondoa kizuizi cha kasi kwa malipo madogo.

Kisheria baiskeli ya umeme si gari. Dereva wake hahitaji leseni, ila awe ametimiza miaka 16, na kwa baiskeli ya kawaida miaka 12. Anatakiwa apite njia ya baiskeli, na katika njia hiyo kasi isizidi kilometa 15 kwa saa. Msomaji aliyewahi kumsubiri mleta chakula mjini Guangzhou anajua jinsi kifungu hicho kinavyoheshimiwa. Vijana hao hulipwa kwa kila oda, nao huhesabiwa dakika. Baadhi yao hupita upande usio wao ili kuepuka kuzunguka. Kwa sababu hiyo kanuni ya kutazama kushoto kwanza haitoshi. Katika njia ya baiskeli inabidi kutazama pande zote mbili, hata pale ambapo mshale uliochorwa chini unasema njia ni moja.

Kasi ya kilometa 25 huonekana ndogo. Lakini kwa kasi hiyo chombo husonga karibu mita 7 kwa kila sekunde, na sekunde moja ndio muda ambao mtu mwangalifu huhitaji ili aone hatari na kuanza kushika breki. Ukijumlisha kilo 55 za chombo, uzito wa dereva, na katoni mbili za viatu alizofunga nyuma kwa kamba, unapata kishindo kinachotosha kumvunja mtu nyonga. Kwa gari hesabu ni mbaya zaidi. WHO inaeleza kuwa uwezekano wa mtembea kwa miguu kufa akigongwa na sehemu ya mbele ya gari huongezeka zaidi ya mara nne kasi inapopanda kutoka kilometa 50 hadi 65 kwa saa.

Waswahili husema ajali haina kinga. Ni maneno ya kumfariji aliyefikwa, na kwa kazi hiyo yanafaa. Kama maelezo ya jinsi mambo yanavyotokea hayafai kabisa. Kofia ngumu iliyofungwa vizuri hupunguza hatari ya kifo kwa mpanda pikipiki kwa takriban asilimia 40, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 70. China ilianzisha kampeni ya kitaifa ya kofia na mkanda mwezi Aprili mwaka 2020, na mahitaji yakawa makubwa kiasi kwamba bei ya kofia ilipanda ghafla. Wafanyabiashara wetu wanaonunua kofia hizo kwa jumla wangefanya vyema kuuliza cheti cha ubora kabla ya kuuliza bei. Kofia ya plastiki nyepesi, iliyotengenezwa kumridhisha trafiki tu, huvaliwa na abiria wa bodaboda Mwanza au Kisumu ambaye hana njia ya kuitofautisha na ile ya kweli.

Daraja na mzigo

Katikati ya Xiaobei kuna daraja la waenda kwa miguu ambalo limepigwa picha nyingi kuliko jengo lolote la mtaa huo. Kwa miaka kadhaa wapiga picha Wachina walisimama juu yake wakiwapiga Waafrika picha za kumbukumbu, na mpiga picha wa Marekani Daniel Traub alizikusanya baadhi katika kitabu chenye jina la barabara yenyewe, Little North Road, maana Xiaobei ni Kaskazini Ndogo.

Daraja ni kinga nzuri kwa anayelitumia. Lakini atazame mtu makuli wa mtaa huo, na wanawake wanaosukuma vijigari vilivyosheheni marobota yaliyofungwa kwa utepe wa gundi. Mwenye mzigo wa kilo 60 hapandi ngazi ikiwa chini yake kuna nafasi ya kupita. Huvuka chini, kwenye magari, na anapogongwa husemwa kuwa alikuwa mkaidi.

Afrika Mashariki inalijua jambo hilo vizuri. Pale Manzese, kwenye barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, daraja la waenda kwa miguu lilikuwa mashuhuri kwa miaka mingi, na vilevile walikuwa mashuhuri watu waliopita chini yake. Barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, iliyojengwa na makampuni ya China na kufunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mwezi Novemba mwaka 2012, ililalamikiwa tangu mwanzo kwa kuwa madaraja ya miguu yalichelewa na yalikuwa mbalimbali, hivyo wakazi waliendelea kuvuka kwenye njia za magari yaendayo kasi. Kumlaumu mtembea kwa miguu ni rahisi kuliko kuisogeza ngazi mahali watu wanapopita. Kwa maoni ya mwandishi huyu, pundamilia yenye taa na kamera, mahali pasipo na ngazi, ina manufaa zaidi kwa mtaa wa biashara kuliko daraja refu.

Guangzhou inaweza kutoa mfano mzuri pia. Mwezi Februari mwaka 2010 ilifungua njia ya mabasi yaendayo haraka yenye urefu wa takriban kilometa 22 katika barabara ya Zhongshan, ikiwa na njia za baiskeli kando yake na vivuko vya kufikia vituo vilivyo katikati ya barabara. Dar es Salaam ilipoanzisha mabasi yake ya mwendokasi mwezi Mei mwaka 2016, mpango ulikuwa wa aina hiyo hiyo. Tofauti iko katika nidhamu ya njia: bodaboda na mikokoteni imeendelea kuingia katika njia ya mwendokasi, na mtu anayevuka akitazama magari ya kawaida husahau kuwa basi linakuja kwenye njia inayoonekana tupu.

Baada ya ajali

Sehemu hii ndiyo inayopaswa kusomwa na kila anayekwenda Guangzhou, kwa sababu makosa makubwa hufanyika katika dakika kumi za kwanza baada ya kugongwa.

Miongoni mwa namba za dharura nchini China ni hizi: 122 kwa ajali za barabarani, 110 kwa polisi na 120 kwa gari la wagonjwa. Anayepokea huenda asijue lugha nyingine zaidi ya Kichina. Kwa hiyo ni busara kuwa na karatasi yenye anwani ya hoteli kwa maandishi ya Kichina, na kumwomba mpita njia au mwenye duka apige simu.

Wengi wa wageni hawapigi. Dereva hushuka, hutoa yuan mia chache, mgeni anajipapasa, anaona anasimama, anapokea fedha na kuondoka. Usiku mguu unavimba, asubuhi hospitali inataka malipo ya awali, na dereva hana jina wala namba. Pasipo taarifa ya polisi wa usalama barabarani, inayoeleza nani alikuwa na kosa na kwa kiasi gani, hakuna kampuni ya bima itakayolipa.

Na bima ipo. Tangu tarehe 1 Julai mwaka 2006 kila gari nchini China lazima liwe na bima ya kuwafidia watu wengine. Tangu mwezi Septemba mwaka 2020 kiwango chake cha juu ni yuan 180,000 kwa kifo au ulemavu na yuan 18,000 kwa matibabu, iwapo dereva ana kosa. Aidha sheria inaegemea upande wa asiye na chuma. Gari likimgonga mtembea kwa miguu au mpanda baiskeli, mwenye gari ndiye hubeba dhamana. Ikithibitika kuwa mtembea kwa miguu alikosea, dhamana hiyo hupunguzwa. Na hata kama dereva hakuwa na kosa lolote, bado anaweza kulipishwa hadi asilimia 10 ya hasara, isipokuwa pale mtu alipojigongesha makusudi. Hapa ndipo ile faini ya yuan 50 inapoonyesha uzito wake. Aliyevuka kwenye taa nyekundu hatapoteza faini tu, atapoteza sehemu kubwa ya fidia.

Sheria inasema pia kwamba hospitali isicheleweshe matibabu ya majeruhi wa ajali kwa sababu ya malipo, na kwamba upo mfuko wa umma wa kugharimia matibabu ya dharura endapo dereva amekimbia au bima haitoshi. Si kila mhudumu wa mapokezi anayelikumbuka hilo, na mwenye kulidai kwa ufasaha ana nafasi bora kuliko anayenyamaza.

Baiskeli ya umeme iko nje ya mpango huo. Kwa kuwa haihesabiwi kuwa gari, mwenyewe halazimiki kuwa na bima hiyo. Anayegongwa na mleta chakula hutegemea mfuko wa kijana huyo, au bima ya kampuni inayomtuma kama ipo. Hiyo ni sababu nyingine ya kuiogopa.

Wapo wasiopiga 122 kwa hofu ya namna nyingine. Viza imekwisha. Kwa mujibu wa sheria ya uhamiaji iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka 2013, anayepitisha muda hutozwa yuan 500 kwa kila siku, hadi yuan 10,000, au huwekwa kizuizini kwa siku 5 hadi 15. Polisi wakija kupima eneo la ajali wataomba pasipoti. Mtu wa hali hiyo akigongwa hujikokota hadi kichochoroni, akafungwa bendeji na rafiki, na ndugu zake nyumbani wakasikia habari akiwa hali mbaya. Sheria ya barabarani haisemi kwamba mwenye viza iliyokwisha amepoteza haki ya kufidiwa, lakini haimkingi na sheria ya uhamiaji pia; vitu hivyo viwili huenda sambamba. Mtu huyo ana haki ya kutaka ubalozi wake ujulishwe. Uganda na Tanzania zina balozi ndogo mjini Guangzhou.

Imekuwa ikisemwa pia kwamba Wachina hawamsaidii aliyeanguka. Tuhuma hiyo ilienea duniani mwezi Oktoba mwaka 2011, pale mtoto wa kike wa miaka miwili alipogongwa na magari mawili katika soko la vifaa vya ujenzi mjini Foshan, mji jirani ambako Waafrika wengi hununua vigae na samani. Kamera zilionyesha watu 18 wakimpita, hadi mwanamke mwokota taka akamwinua. Alifariki dunia siku chache baadaye hospitalini Guangzhou. Wengi walieleza kuwa watu waliogopa kubambikiwa kesi na majeruhi, kama ilivyodaiwa kutokea katika shauri moja maarufu mjini Nanjing miaka michache kabla. China ililitolea jibu la kisheria: tangu tarehe 1 Oktoba mwaka 2017, mtu anayemsaidia mwingine kwa hiari wakati wa dharura hawajibiki kulipa fidia kwa madhara yatakayompata aliyesaidiwa. Kifungu hicho kimo sasa katika Kanuni ya Sheria za Madai iliyoanza mwaka 2021, nacho hakibagui mwenyeji na mgeni. Mwafrika anayemwona mzee wa Kichina ameanguka kando ya barabara ana kinga ile ile.

Wanaotaka kuendesha

Kwa madereva maneno ni machache. China bara haitambui leseni ya kimataifa ya udereva, hata iwe imetolewa kihalali Nairobi au Kampala. Mgeni anatakiwa kupata leseni ya China, ambayo hupatikana kwa kufanya mtihani wa maswali 100 na kupata si chini ya alama 90. Kiwango cha pombe ni kikali: miligramu 20 katika mililita 100 za damu ni kosa, na kuanzia miligramu 80 ni jinai tangu tarehe 1 Mei mwaka 2011. Kwa mgeni hukumu ya jinai inaweza kumaanisha kufungiwa mlango wa nchi.

Wengi wa wageni wa Dengfeng hata hivyo hawaendeshi. Hutembea, hupanda treni ya chini ya ardhi, hukodi baiskeli za kulipia kwa simu. Baada ya wiki tatu shingo huwa imeanza kujifunza, ikigeuka kushoto bila kuamriwa. Ndipo tiketi ya kurudi inapofika. Siku mbili baadaye mtu huyo huyo, akiwa na usingizi wa safari na simu sikioni akiulizia kontena, anasimama ukingoni mwa mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, na kutazama kushoto kwanza, huku bodaboda ikimjia kutoka kulia.